Tuna dola 1,200 za kuwakopesha wafumaji wa Guatemala. Zitawafaa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Columbus, Ohio: Watanzania, Wakenya na Wakongo. Tunachanga kila mwezi, na mwaka huu tumebakiwa na dola 1,200 ambazo hatuna haraka nazo. Mwenzetu mmoja anafanya kazi na mama wa Kimaya kutoka Guatemala, na kupitia kwake tumeziona nguo wanazofuma kwao. Tumezipenda mno. Tungetaka kuwakopesha wanawake wa vijijini wanaofuma, kwa njia ya Kiva, ule mtandao wa kukopesha watu wa mbali, au taasisi nyingine. Je, mkopo mdogo unawasaidia kweli, au unawakaba shingo kama kausha damu za nyumbani? Pia baadhi yetu ni Waislamu na suala la riba linatutatiza.

JIBU: Marahaba dada, na salamu kwa kikundi chote. Jibu fupi ni hili: mkopo unamfaa mfumaji pale anapokuwa tayari ana mnunuzi, na marejesho yakakubali kusubiri mpaka kitambaa kiishe. Masharti hayo mawili yakikosekana, deni la kufuma hulipwa na kuku, na mahindi, na kibarua cha mume. Kwa fedha mlizonazo naona kuna njia inayowafaa wafumaji kuliko kuwakopesha, na nitaieleza. Ila tuanze na kazi yenyewe, maana usipoijua kazi huwezi kuupima mkopo wake.

Mama wa Kimaya wa nyanda za juu, awe wa Sololá, Chimaltenango, Quiché au Huehuetenango, hufuma kwa kitanda cha mfumi cha kiunoni. Kwa macho ni vijiti na kamba tu. Ncha moja ya mtande, yaani zile nyuzi za urefu, inafungwa kwenye nguzo au mti, ncha ya pili kwenye mkanda unaopita nyuma ya kiuno chake, naye anapiga magoti juu ya mkeka. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama mbele zinalegea. Sehemu nyingi nakshi hazitariziwi baadaye, zinaingia pamoja na kitambaa: anachambua nyuzi za mtande kwa vidole, anahesabu, anapitisha uzi wa rangi, kisha anaushindilia kwa ubao mgumu. Halafu mstari mwingine. Upana hauwezi kuzidi pale mikono yake inapofika, ndiyo maana huipil, ile blauzi yao ya asili, huungwa kwa vipande viwili au vitatu. San Antonio Aguas Calientes, karibu na Antigua, wako wafumaji ambao nakshi zao hutokea sawasawa pande zote mbili za kitambaa, kiasi kwamba huwezi kusema upande upi ni wa ndani.

Kazi ya namna hiyo haiendi kwa saa za ofisi. Anafuma akishasaga mahindi, akishaoka tortilla, zile chapati za mahindi, akishafua, mtoto akilala. Huipil yenye nakshi nyingi inaweza kuchukua mwezi mmoja hadi miezi sita. Mkizingatia muda huo, mengi ya habari za mikopo hii yatajieleza yenyewe.

Tupige hesabu. Mfano huu ni wangu, wa kuonyesha tu jinsi mambo yanavyokwenda, si bei ya taasisi yoyote. Mama amekopa quetzal 3,000, ambazo ni kama dola 390, kwa miezi 10, riba asilimia 2.5 kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Kila mwezi atarejesha 300 za mkopo na 75 za riba, jumla 375. Mwisho wa safari atakuwa amelipa 3,750. Ukimwuliza riba ni kiasi gani atakwambia asilimia 25, na karatasi yake itakubaliana naye. Lakini kadiri anavyorejesha, fedha aliyobaki nayo mkononi inapungua huku riba ikiendelea kupigwa kama vile bado ana 3,000 zote. Ukikokotoa kwenye salio linalopungua, riba yake halisi ni karibu asilimia 4.3 kwa mwezi, zaidi ya 50 kwa mwaka. Nimewafundisha maofisa mikopo wenzangu wa Arusha na Moshi hesabu hii, na hata wao huwa wanashtuka.

Riba hata hivyo si jambo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni tarehe. Rejesho la kwanza linadaiwa baada ya siku 30. Siku hiyo huipil yetu bado iko kwenye kipande cha kwanza, haivaliki wala haiuziki. Sasa zile 375 zitoke wapi? Zitatoka kwenye mayai, kwenye tortilla anazouza jioni, kwa mume aliyekwenda mashamba ya kahawa au miwa ya pwani, au kwa mtoto aliyeko Marekani. Mwaka 2023 Waguatemala walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 20, takriban moja ya tano ya pato la nchi. Marejesho mengi yanayoandikwa kwenye daftari kama faida ya biashara ndogo huenda yametoka Ohio kwenu huko huko. Na ikiwa hana mtoto wala mayai, atampelekea mlanguzi kitambaa kabla ya wakati, kwa bei atakayotajiwa.

Huyo mlanguzi tusimpite haraka. Mahali pengi ndiye anayemkopesha mfumaji nyuzi, kisha anachukua kitambaa na kumlipa ujira tu. Muhammad Yunus, mchumi aliyeanzisha benki ya Grameen ya mikopo midogo, aliuona mtego wa aina hiyo hiyo Jobra, Bangladesh, mwaka 1976: mafundi wa vigoda vya mianzi walikopeshwa mianzi na mfanyabiashara ambaye ndiye pia aliyepanga bei ya kununua vigoda. Yunus alitoa mfukoni dola 27, zikawatosha watu 42 kujinasua. Kisa hicho husimuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba mkopo mdogo unafanya maajabu, na wasimulizi husahau kitu kimoja: vigoda vilikuwa na soko, na fundi alivimaliza na kuviuza bila kungoja miezi. Mfumaji wa kitanda cha kiunoni aliyejinasua kwenye nyuzi za mlanguzi bado hajapata mnunuzi.

Hapa niwape jicho la kutazamia picha mtakazoziona mtandaoni. Kitambaa cha sketi, corte, hufumwa zaidi na wanaume, kwa vitanda vikubwa vya miguu ambavyo asili yake ni Wahispania. Vijiji vya Totonicapán na mji wa Salcajá vinasifika kwa kazi hiyo na kwa nyuzi zinazofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi ili nakshi ijitokeze yenyewe. Biashara ile ni ya majora, inazunguka haraka, na mkopo wa marejesho ya kila mwezi unaikaa vizuri. Basi mkiona picha ya kitanda cha miguu, msidhani ni habari ile ile ya mama aliyepiga magoti.

Mmeuliza kuhusu kukabwa shingo. Nitawajibu kwa haki. Mkopeshaji wa mtaani kule Guatemala, si ajabu akatoza asilimia 10 kwa mwezi, na akashika hati ya kiwanja. Benki nazo zinataka dhamana, na ardhi mara nyingi ina jina la mume au haina hati kabisa. Mikataba iko kwa Kihispania, na mama mtu mzima wa kijijini huenda anazungumza Kimam, Kik'iche', Kikaqchikel au Kitz'utujil tu. Nchi ile ina lugha 22 za Kimaya, na zaidi ya watu 4 katika kila 10 ni Wamaya. Sarafu yao ya senti 25 ina sura ya mama wa Kitz'utujil wa Santiago Atitlán, Concepción Ramírez, akiwa na kilemba chake cha utepe mrefu unaozungushwa kichwani. Sura ya mwanamke wa Kimaya imepita mikononi mwa kila karani wa benki, na mwanamke mwenyewe akienda dirishani anarudishwa. Kwa hiyo taasisi za mikopo midogo zilipokuja na mikopo ya kikundi isiyodai hati, wala mkataba wa ajira, zilifungua mlango uliokuwa umefungwa kweli kweli. Sizibezi hata kidogo.

Mzijue pia kwa vitendo vyao. Friendship Bridge, yenye ofisi zake Panajachel kando ya Ziwa Atitlán, hukopesha wanawake kwa vikundi na kwenye mikutano hiyo hiyo hutoa mafunzo, na ina mpango wa pembeni wa kuwasaidia mafundi wa kazi za mikono kupata soko. Huo mpango wa soko ndio ungenivutia mimi kuliko mkopo wenyewe. Kwa upande mwingine kuna taasisi za kibiashara. Compartamos ya Mexico, iliyoanza kama asasi ya hisani kisha ikauza hisa zake sokoni mwaka 2007, ilifanyiwa utafiti ikiwa inatoza kwao Mexico riba ya asilimia 100 na ushee kwa mwaka. Iliwahi kukopesha Guatemala pia. Zote mbili huitwa mikopo midogo, na picha ya mama mwenye huipil inafaa kwenye tangazo la yeyote.

Utafiti huo wa Mexico ulikuwa mmoja kati ya sita zilizochapishwa kwa pamoja Januari 2015. Nyingine zilifanyika Bosnia, Ethiopia, India, Mongolia na Morocco. Watafiti walilinganisha watu au maeneo yaliyofikiwa na mikopo na yasiyofikiwa, yakichaguliwa kwa bahati nasibu badala ya upendeleo. Walikuta faida za kiasi tu: watu walikuwa na uhuru zaidi wa kupanga matumizi na kuendesha biashara zao. Hawakukuta kipato cha kaya kimepanda kwa kiasi cha kumtoa mtu kwenye umaskini. Hawakukuta pia maangamizi ya jumla. Mimi naliamini tokeo hilo kwa sababu linafanana na ninachokiona kwenye VICOBA na SACCOS zetu: mkopo humsaidia mtu kuvuka mwezi mbaya, na mara moja moja humwinua aliyekuwa tayari amesimama.

Tena msishangae mkisikia fedha ya nyuzi imenunua dawa. Familia ina mfuko mmoja. Mama akipewa 3,000 za nyuzi na mtoto akaugua, 3,000 hizo zitakwenda zahanati, na hakuna wizi hapo. Ninachokihofia zaidi ni mkopo unaochukuliwa kwa jina la mama kumlipa msafirishaji wa magendo ampeleke kijana wake kaskazini. Kijana akikamatwa na kurudishwa, deni linabaki kijijini, na katika mikopo ya kikundi linawaangukia majirani waliomdhamini. Nyinyi mnaoishi kwenye vyama mnajua uzito wa kikao ambacho mmoja hajaleta rejesho. Kwenye kijiji ambako wote ni ndugu, aibu hiyo inaweza kumfanya mtu auze kitu ambacho hakupaswa kukiuza.

Na kitu kinachouzwa mara nyingi ni huipil yake mwenyewe. Nendeni soko la Chichicastenango, Alhamisi au Jumapili, mtaona mikoba, viatu na mito iliyoshonwa kwa huipil kuukuu zilizokatwa mapande. Watalii wanaipenda. Kila kipande ni miezi ya kazi ya mwanamke fulani, pengine ya mama yake marehemu, na ameiuza kwa bei isiyofikia hata ya uzi na muda wake, kwa sababu alihitaji fedha siku ile. Mkoba wa namna hiyo unashindana na kitambaa kipya cha mfumaji aliye hai. Kuna ushindani mwingine, wa huipil za kiwandani zilizochapwa picha ya nakshi juu ya polista, na wa mitumba kutoka Marekani, ambayo kule hufika kwa robota kama ifikavyo Manzese na Gikomba. Msichana anaweza kuvaa fulana ya mtumba kwa fedha kidogo sana kuliko nyuzi za huipil moja. Wafumaji wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 2016 walifika Mahakama ya Katiba kudai sheria ya kulinda nakshi zao zisinakiliwe na makampuni bila ridhaa yao, wakiongozwa na wanawake wa chama cha AFEDES cha Sacatepéquez. Madai yao yalihusu umiliki wa nakshi. Mikopo haikuwa kiini cha malalamiko.

Nimeyasema haya yote ili mwone kwamba mfumaji huyu anapungukiwa na mambo mawili: nyuzi za kuanzia na mtu wa kununua kwa bei inayolipa miezi yake. Mkopo wa kawaida unampa la kwanza kwa masharti mabaya, na la pili haumpi kabisa.

Vyama vya ushirika vya wafumaji viliziba mapengo hayo yote mawili muda mrefu kabla ya Kiva kuzaliwa. Vita vya ndani vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza zaidi ya watu 200,000 kwa makadirio ya tume ya ukweli, na sehemu kubwa ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83, walikuwa Wamaya. Vijiji vizima vilibaki na wajane wasio na shamba wala mume, wenye ufundi mmoja wa kuuza. Hapo ndipo vikundi vilipoibuka. TRAMA Textiles ya Quetzaltenango ilianza mwaka 1988 ikiwaunganisha wanawake wapatao 400 wa vikundi 17. San Juan La Laguna, kando ya Atitlán, vyama vya akina mama vinatia nyuzi rangi kwa mimea, magome na wadudu wa kochinili, na mgeni anaonyeshwa kila hatua kabla ya kununua. Chama kizuri hununua nyuzi kwa jumla, kinawapa wanachama, kinapokea oda, kinakagua ubora, na gharama ya nyuzi inakatwa kitambaa kinapouzwa. Huo pia ni mkopo, ila hauna tarehe ya siku 30. Udhaifu wake ni kutegemea wageni. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 na watalii wakatoweka, vyama vingi vilibaki na makabati yaliyojaa vitambaa.

Sasa kuhusu Kiva, muijue inavyofanya kazi. Ilianza 2005, na mikopo yake ya kwanza ilikwenda Tororo, Uganda, kwa hiyo si mgeni kwetu. Mnachangia kuanzia dola 25, mnarejeshewa bila riba, na mkopaji asipolipa hasara huenda ikawa yenu. Mara nyingi mama mnayemwona kwenye picha ameshapewa mkopo wake. Fedha yenu inakwenda kwa taasisi iliyomkopesha ili iendelee kukopesha wengine. Taasisi hiyo inamtoza mama riba, kwa kuwa maofisa wanapanda pikipiki kwenda vijijini na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Kwenye ukurasa wa kila taasisi, wastani wa gharama kwa mkopaji umeandikwa. Usomeni kabla ya kusoma maelezo ya mkopaji. Jambo moja la kuwatuliza: quetzal imekaa kwa miaka mingi karibu na 7.5 hadi 8 kwa dola, hivyo hasara ya kubadilisha fedha haiwatishi kama ingekuwa kwenye shilingi.

Kwa wenzetu Waislamu, ukweli wa mzunguko ndio huo: nyinyi hampokei riba, ila mkopaji analipa riba kwa taasisi mnayoiwezesha. Hukumu yake waulizeni masheikh wenu. Ninachoweza kusema kama mtu wa fedha ni kwamba agizo la kitu kitakachotengenezwa, ambalo wanazuoni huliita istisnaa, lina sura inayomfaa mfumaji kuliko mkopo wowote niliowahi kuupanga: sifa za kitu zinatajwa, bei inakubaliwa tangu mwanzo, tarehe ya kupokea inajulikana, na malipo yanaweza kutangulizwa. Hakuna riba ndani yake, na hakuna rejesho la siku ya 30.

Kwa hiyo pendekezo langu. Chukueni dola 900 muagize vitambaa kwenye chama cha ushirika, nusu mkilipa mnapoagiza na nusu vinapokuwa tayari. Agizeni vitu ambavyo mtavitumia au kuviuza Columbus bila taabu: mitandio, vitambaa vya meza, mikanda ya kubebea mtoto. Msianze na huipil. Ni ghali, inachukua miezi, na kila kijiji kina nakshi yake ambayo huenda wasitake kumfumia mgeni. Zile 300 zilizobaki, kama mioyo yenu bado iko kwenye kukopesha, ziwekeni Kiva kwa taasisi ambayo gharama zake mmezisoma na mmeridhika nazo, na mchague mkopo unaorejeshwa mwishoni mwa kipindi badala ya kila mwezi, ukipatikana. Vitambaa mkiviuza, fedha irudi kwenye oda ya pili. Oda ya pili ina thamani kubwa kwa mfumaji, kwani ndiyo inayomruhusu kununua nyuzi nyingi kwa mara moja.

Mama yule wa Kimaya anayefanya kazi na mwenzenu mwombeni awasaidie kuandika barua. Hakikisheni kwanza lugha yake ni ya eneo la chama mtakachokichagua. Kama siyo, Kihispania kitatosha. Kwenye barua msiulize bei ya kitambaa mwanzoni. Ulizeni nyuzi zinagharimu kiasi gani, kitambaa kinachukua siku ngapi za kufuma, na katika bei wanayotaka mfumaji mwenyewe anapata kiasi gani. Chama kinachojiheshimu kitajibu yote matatu. Kisha jumlisheni gharama ya kusafirisha na muda wa posta kabla ya kukubaliana tarehe, na kama mnataka vitambaa vifike kabla ya sikukuu za Desemba, oda itoke si baada ya Julai.